MNYONGE MNYONGENI, HAKI YAKE MPENI
Maisha ya Battling Siki, bingwa wa kwanza wa ngumi wa dunia kutoka Afrika



Katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula, baadhi yetu tulikuwa tumekaa chini ya miembe nyuma ya bwalo tukizungumza habari za ngumi. Kijana mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa akikusanya sahani, alituuliza ni Mwafrika gani aliyekuwa wa kwanza kuwa bingwa wa ngumi wa dunia. Swali lilikuwa dogo, lakini lilitutoa jasho. Mmoja wetu akamtaja Muhammad Ali, akakumbushwa kwamba Ali alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Louisville. Mwingine akamtaja Dick Tiger wa Nigeria, aliyetwaa ubingwa wa uzito wa kati mwaka 1962. Wa tatu, ambaye tangu tulipokuwa shuleni alijifanya kamusi, akasema kwamba ni Hogan Bassey, naye wa Nigeria, aliyeshinda ubingwa wa uzito wa unyoya mwaka 1957. Kamusi wetu aliwakaribia wenzake wote, lakini naye alikosea kwa miaka 35.

Mimi nililijua jina, nikanyamaza kwa aibu. Nilipokuwa kiranja wa bweni nilikuwa nikiwachekesha wadogo zangu usiku, taa zikishazimwa, kwa hadithi ya bondia wa Senegal aliyetembea na simba katika mitaa ya Paris, aliyekunywa pombe kama maji, na aliyeuchezea ubingwa wake mpaka ukamponyoka. Wavulana walicheka mpaka vitanda vikalia. Nilijua simba na pombe tu, kwa kuwa ndivyo nilivyosimuliwa na walionitangulia. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoisoma habari yake kwa utulivu, nikaona kwamba nilikuwa nimemsengenya marehemu. Makala hii ni malipo ya deni hilo.

MTOTO WA SAINT-LOUIS

Battling Siki lilikuwa jina la ulingoni. Kwao aliitwa Mbarick Fall, na hilo Mbarick ndilo jina ambalo watu wa pwani yetu hulitamka Mbarak. Alizaliwa katika mji wa Saint-Louis, Senegal, mwezi Septemba mwaka 1897.

Mji huo umejengwa kisiwani, karibu na mahali Mto Senegal unapoingia baharini. Aliyepata kuiona Lamu au Mombasa ya kale anaweza kuukisia: nyumba zilizosongamana, mashua za wavuvi, biashara na dini. Wafaransa walikaa hapo tangu karne ya 17, na siku hizo ndipo palipokuwa makao makuu ya utawala wao wa Senegal. Mwaka huo huo wa 1897 lilizinduliwa daraja kubwa la chuma, daraja la Faidherbe, lililokiunganisha kisiwa na bara. Wenyeji wa Saint-Louis walikuwa na haki ya kupiga kura na kumpeleka mbunge mjini Paris. Naomba mliweke jambo hili akilini, maana baadaye magazeti ya Ulaya yatatuambia kwamba Siki alitoka porini.

Alivuka bahari kwenda Ufaransa akiwa bado mdogo. Huko alifanya kazi za mikono za hapa na pale, kama vile kuosha vyombo, akajifunza ngumi na kuanza kupigana kwa malipo kabla hajatimiza miaka 18. Alikuwa akijifunza kazi hiyo bado ilipozuka Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914.

NISHANI MBILI

Sisi tunavijua vita vile kwa upande wetu, kwa habari za babu zetu waliokwenda na KAR, na wale waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika kikosi kilichoacha jina lake Kariakoo. Watu wa Senegal walikwenda Ulaya kwenyewe, kwenye mahandaki. Siki alipigana katika jeshi la Ufaransa, katika kikosi cha askari wa miguu wa makoloni. Alipotoka huko kifua chake kilikuwa na nishani mbili za ushujaa, Croix de Guerre na Médaille Militaire.

Vita vilipokwisha alirudi ulingoni. Kati ya mwaka 1919 na 1922 alipigana mara nyingi mno, katika miji ya Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Hispania. Hakuwa bondia wa vitabuni. Alirusha ngumi kutoka pembe zisizotazamiwa, aliruka, alibonyea, na hakuchoka. Alishinda mara nyingi sana. Alioa mke wa Kiholanzi, na njiani alijipatia lugha kadhaa za Ulaya kwa masikio tu. Hata hivyo mfukoni hakuwa na kitu. Alikuwa mmoja wa wale mabondia wanaoitwa wakihitajika, wakalipwa kidogo, kisha wakaonyeshwa mlango.

Bondia aliyependwa kuliko wote nchini Ufaransa wakati huo alikuwa Georges Carpentier. Naye hakuzaliwa na kijiko cha fedha, maana baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe wa kaskazini. Lakini alikuwa mtanashati, mwenye sura nzuri, na katika vita alikuwa rubani. Kifuani mwake zilining'inia nishani zile zile mbili, Croix de Guerre na Médaille Militaire. Mwaka 1920 alitwaa ubingwa wa dunia wa laiti-hevi, yaani uzito usiozidi ratili 175, ambazo ni kilo 79 hivi. Julai 1921 alivuka kwenda Marekani kumjaribu Jack Dempsey, bingwa wa uzito wa juu, akaangushwa raundi ya nne. Aliporudi nyumbani alipokewa kama shujaa vile vile, na Mei 1922 alimwangusha Ted Kid Lewis mjini London katika raundi ya kwanza.

Carpentier alihitaji pambano la nyumbani, lenye mapato makubwa na hatari ndogo. Akachaguliwa Siki. Nishani zilikuwa sawasawa, lakini katika Paris ya mwaka 1922 hakuna aliyewaona watu wale wawili kuwa sawasawa.

JUMAPILI YA TAREHE 24 SEPTEMBA 1922

Pambano lilifanyika mchana, katika uwanja wa Buffalo, pembeni mwa Paris. Walifika makumi ya maelfu ya watu, na kamera za sinema ziliwekwa tayari. Magazeti yalikuwa yamekwisha kuamua mshindi. Kilichobaki ilikuwa kukisia raundi tu.

Siki mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba mambo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Kwa maelezo yake, alikuwa ameagizwa auze pambano: aanguke mapema, ainuke kidogo ili wenye tiketi wasinung'unike, kisha aanguke moja kwa moja. Na kweli, katika raundi ya kwanza alikwenda chini kwa pigo ambalo halikuwa zito. Watu wakaguna. Katika raundi ya tatu akaenda chini tena.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka. Siki alisema kwamba alipokuwa amepiga magoti mbele ya umati ule wote, aliona haya. Alikuwa hajapata kupiga magoti namna ile mbele ya mtu. Akainuka. Kabla raundi ya tatu haijakwisha, Carpentier ndiye aliyekuwa sakafuni.

Raundi ya nne na ya tano zilikuwa adhabu. Carpentier alizoea kupigana kwa mbali, kama mcheza dansi, lakini Siki alimwingilia ndani na kumfungia kwenye kamba. Pua ya bingwa ilitoka damu na jicho lake likavimba. Watu waliokuja kumshangilia Carpentier wakaanza, kidogo kidogo, kumshangilia yule mwingine. Katika raundi ya sita Siki alimsukumia mfululizo wa ngumi, na Carpentier akaanguka, mguu wake mmoja ukiwa umenaswa, wala hakuwa na uwezo wa kuinuka.

Lakini wapi! Refa alimnyoosha kidole Siki na kutangaza kwamba ameondolewa mchezoni kwa kosa la kumtega mwenzake kwa mguu. Kwa tangazo hilo, bingwa aliyelala sakafuni alikuwa ameshinda, na yule aliyesimama alikuwa ameshindwa.

Uwanja ulilipuka. Maelfu ya Wafaransa, ambao asubuhi ile hawakumjua Siki ni nani, walipiga kelele na kukataa kuondoka. Walikuwa wameona kwa macho yao. Majaji watatu walikaa wakashauriana, wakaitengua hukumu ya refa, na Mbarick Fall wa Saint-Louis akatangazwa kuwa bingwa wa dunia. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho, akiwa na miaka 25.

Tusipite haraka hapa. Tunapozungumza juu ya haki, mara nyingi tunawataja wakubwa waliokaa mezani. Siku ile haki ilianza na mtu mmoja aliyekataa kubaki chini. Ikashikiliwa na watu wa kawaida, wa rangi nyingine na nchi nyingine, waliokataa kudanganywa. Majaji walikuja mwishoni.

BEI YA USHINDI

Furaha yake haikudumu. Siki alipenda makuu, na sasa alikuwa na fedha. Alivaa nguo za kuvutia macho, aliwanunulia watu vinywaji, naye alikunywa pamoja nao. Na simba? Naam, hadithi ya simba ni ya kweli. Alipata mwana-simba na kutembea naye mjini. Magazeti yalifurahi kupita kiasi. Yalimchora kama sokwe aliyevishwa suti, yakamwita mtoto wa porini, mtu huyu aliyezaliwa katika mji wenye wapiga kura, aliyezungumza lugha kadhaa, na aliyeitumikia Ufaransa kwa damu. Carpentier alipokwenda kustarehe aliitwa muungwana. Siki alipokwenda kustarehe aliitwa mnyama.

Wakubwa wa ngumi nao hawakukawia. Mwezi Novemba 1922 Siki alikuwa kwenye kona ya bondia mwenzake, ukazuka ugomvi kati yake na meneja wa upande wa pili. Shirikisho la ngumi la Ufaransa likamfungia na kumnyang'anya ubingwa wa Ufaransa. Ndipo Siki alipotoboa siri, akasema hadharani kwamba pambano lake na Carpentier lilikuwa limepangwa, na kwamba kosa lake kubwa lilikuwa kutotii.

Neno hilo lilifika Bungeni. Blaise Diagne, mbunge wa Senegal, Mwafrika mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Ufaransa, alisimama kumtetea. Mjini Paris humo humo, katika gazeti dogo la watu wa makoloni lililoitwa Le Paria, kijana mmoja wa Vietnam aliandika makala juu ya Siki. Wakati huo alijulikana kama Nguyen Ai Quoc. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Ho Chi Minh.

Na Waingereza je? Siki alikuwa amepangiwa kupigana mjini London, mwezi Desemba 1922, na Joe Beckett, bingwa wa Uingereza wa uzito wa juu. Serikali ya Uingereza ikapiga marufuku. Mwaka 1911 pambano la Jack Johnson, bingwa mweusi wa Marekani, lilizuiwa mjini humo kwa namna hiyo hiyo. Mara hii serikali haikuficha kwamba iliwafikiria watu weusi wengi waliokuwa chini ya dola yake. Ndugu zangu, miongoni mwa hao walikuwamo babu zetu. Mwaka huo huo wa 1922 Tanganyika ilikabidhiwa rasmi kwa Uingereza na Shirika la Mataifa. Mtu mmoja mwenye glavu mikononi, asiyeijua Tabora wala Kisumu, alizuiwa kupanda ulingoni London kwa hofu ya kile ambacho watu wa Tabora na Kisumu wangefikiri wakisikia kwamba ameshinda.

DUBLIN

Paris ilikuwa imefungwa, na London imefungwa. Siki akakubali kuutetea ubingwa wake mahali palipobaki wazi, yaani Dublin. Ireland ilikuwa imetoka kupata serikali yake, lakini wenyewe kwa wenyewe walikuwa vitani. Mpinzani wake alikuwa Mike McTigue, mzaliwa wa Ireland. Tarehe iliyopangwa ilikuwa 17 Machi 1923, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, siku ambayo Waairishi huienzi kuliko zote. Unakwenda kumpiga mtu kwao, siku ya sikukuu yao, mbele ya majirani zake. Hata mtoto wa darasa la kwanza angemwambia Siki asiende.

Alikwenda. Askari wenye bunduki waliulinda ukumbi wa La Scala, na jioni ile bomu lililipuka karibu na hapo. Mabondia walipigana raundi zote 20. McTigue akapewa ushindi kwa pointi, na ubingwa ukaondoka mikononi mwa Siki. Alikuwa ameushika kwa muda usiotimia miezi sita.

Wale wanaosema kwamba aliupoteza kwa ulevi, kama nilivyokuwa nikisema mimi bwenini, wanasahau raundi hizo 20.

NEW YORK

Septemba 1923 Siki alivuka bahari kwenda Marekani. Novemba 20 alipigana katika ukumbi wa Madison Square Garden na Kid Norfolk, Mmarekani mweusi mwenye nguvu sana, akashindwa kwa pointi baada ya raundi 15. Aliendelea kupigana, leo mji huu, kesho ule, lakini mwili uliokwisha kupita vitani na katika mapambano mengi namna ile ulikuwa umechoka. Machi 1925 Paul Berlenbach, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka huo huo, alimpiga mpaka pambano likasimamishwa raundi ya kumi.

Sitaki kumpaka Siki asali. Alikunywa kupita kiasi. Aligombana mabarabarani. Alioa tena Marekani ilhali alikuwa amemwacha mke Ulaya. Fedha zilimpita vidoleni kama maji. Wanaomtakia mema wangependa kuyaficha haya, lakini mtu mzima hahitaji kufichwa ili aheshimiwe.

Alfajiri ya tarehe 15 Desemba 1925 alikutwa amekufa barabarani, katika mtaa wa 41 upande wa magharibi wa New York, si mbali na alipokuwa akiishi. Alikuwa amepigwa risasi mbili za mgongoni. Alikuwa na umri wa miaka 28. Hakuna mtu aliyepata kuhukumiwa kwa mauaji hayo.

Watu wa Harlem walimfanyia mazishi ya heshima, akazikwa katika makaburi ya Flushing, Queens, ng'ambo ya bahari na mbali na kwao. Hapo alilala kwa muda wa karibu miaka 70. Mwaka 1993 mabaki yake yalichukuliwa na kurudishwa Senegal, akazikwa Saint-Louis, katika mji uleule alikozaliwa.

DENI

Wadogo zangu, ninyi mlioko madarasani mtaambiwa mara nyingi kwamba historia ni mitihani, miaka na majina. Nami nakubali kwamba bila miaka na majina hamtapata alama. Lakini tazameni jinsi mtu anavyoweza kupotea huku jina lake likiwa bado linatajwa. Siki hakusahauliwa. Alikumbukwa kwa simba wake. Walioandika habari zake siku zile waliyachagua yale yaliyomfanya achekwe, wakayaacha yale yaliyomfanya aheshimiwe. Kisha sisi, watu wa bara lake mwenyewe, tukayapokea hayo na kuyasimulia mabwenini kana kwamba ni yetu. Hatukulazimishwa na mtu. Tulicheka bure.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya Mbarick Fall si kubwa. Anadai isemwe kwamba alizaliwa mjini, si porini. Kwamba alipigana vitani na kutunukiwa nishani mbili. Kwamba alipoagizwa aanguke, aliinuka. Pombe iandikwe, na simba aandikwe. Lakini viandikwe mahali pake, chini ya hayo.

Nawe kijana wa kidato cha pili, kama unasoma hapa, nakuomba radhi kwa kunyamaza siku ile chini ya miembe. Jibu lako ni Mbarick Fall wa Saint-Louis, aitwaye Battling Siki, tarehe 24 Septemba 1922. Ukiwasimulia wenzako usiku baada ya taa kuzimwa, unaweza kuanza na simba, sikukatazi, maana wavulana hupenda simba. Ila usiwaache walale kabla hujafika raundi ya sita.